Moa ya kukalia imegoma: pa kuanzia kabla hujanunua kifaa

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Fundi, nimebadilisha betri, bado." Au ni stata, au kabureta nzima iliyosubiriwa wiki tatu. Mtu ametoa hela kwanza, akauliza baadaye. Mashine hizi za kukata majani za kukalia, ambazo sisi huku Arusha tunaziita moa basi, nyingi zimeingia nchini zikiwa zimeshatumika. Hazina kitabu, na anayeziendesha ni mtunza bustani wa shule au hoteli aliyeonyeshwa siku moja tu namna ya kuwasha. Ikigoma, kila mpita njia anageuka fundi.

Nimepanga mambo kwa dalili, kama wateja wanavyoniletea. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, nikashuka hadi ya nadra. Fuata mpangilio huo, maana ukianzia mwisho utakuja kufungua injini kumbe fyuzi imeungua.

Kabla ya kuingiza mkono

Zima injini, toa ufunguo utie mfukoni mwako mwenyewe, kisha chomoa waya wa plagi uusogeze mbali. Injini ya silinda mbili ina plagi mbili, chomoa zote. Nasisitiza mfuko wako kwa sababu nimeshaona kijana akizungusha ufunguo "aone kama imepona" huku mwenzake ana mkono chini ya deki. Siku hiyo betri ilikuwa imekufa, ndiyo pona yake. (Deki ninayoisema si ile ya kusugua sakafu. Ni lile sinia la chuma lililofunika visu.)

Ukiinua mashine, jeki ni ya kuinulia tu. Ya kuishikilia ni stendi au magogo manene, na tairi zinazobaki chini ziwekewe kigingi. Usiiwashe ndani ya stoo iliyofungwa, hata kwa dakika moja ya majaribio. Moshi wake una kaboni monoksaidi, na hewa hiyo haina harufu ya kukuonya.

Ukizungusha ufunguo, kimya. Au "tiki" moja tu

Usikimbilie betri. Moa haikubali kuzungusha stata mpaka mambo yake yatimie: breki ikanyagwe hadi mwisho, swichi ya visu iwe imezimwa, na kwa nyingi uwe umekaa kitini. Zile zisizo na usukani, zinazoongozwa kwa vyuma viwili vya kushika, zinataka vyuma hivyo vifunguliwe nje. Mara ngapi nimesafiri hadi Usa River kukuta majani makavu yamejazana chini ya pedeli ya breki, haifiki mwisho, swichi haibonyezwi! Yatoe, jaribu tena.

Halafu njoo kwenye betri, na uanzie kwenye vichwa vyake. Ukungu mweupe au wa kijani ukizunguka terminali, umeme haupiti sawasawa. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Safisha kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo na brashi ya waya, suuza, kausha. Wakati wa kufunga anza na chanya, umalizie na hasi. Ukiwa na mita, betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.4, imeshuka kama robo. Chini ya 12, ichaji kabla hujalaumu kitu kingine. Wakati stata inazungusha, isianguke chini ya 9.6 hivi, ikianguka ilhali ulishaichaji vizuri, hapo ndipo nunua mpya.

Huna mita? Washa taa za mbele, uzungushe ufunguo. Taa zikizimika kabisa, ni betri au vichwa. Zikibaki kali kama hakuna kilichotokea, umeme upo ila haufiki kwenye stata, kwa hiyo nenda kwenye fyuzi, swichi na solenoidi (ile swichi ya sumaku inayopitisha umeme mkubwa kwenda kwenye stata).

Fyuzi aghalabu iko chini ya kiti au ubavuni mwa betri; ya bluu ni ampea 15, ya njano 20. Weka ya rangi ileile. Ikiungua tena papo hapo, acha. Kuna waya umegusa bodi, na mara nyingi aliyeuchuna ni panya. Karatasi ya sigara ndani ya nyumba ya fyuzi inafanya kazi vizuri sana, hadi siku inapounguza nyaya zote.

Ukisikia "tiki" moja nzito na betri ni nzima, angalia waya mnene wa hasi pale unapofungwa kwenye fremu. Kutu hujificha chini ya nati. Baada ya hapo ndipo mshuku solenoidi. Kuna mtindo wa kugusanisha nguzo zake mbili kwa bisibisi ili stata izunguke. Usiufanye. Unaruka swichi zote za usalama kwa pamoja, na kama mashine ilikuwa kwenye gia itaondoka wakati wewe umesimama mbele ya tairi.

La kubusti betri: tumia gari dogo la volti 12, likiwa limezimwa, na waya hasi wa mwisho ushike kwenye chuma cha injini ya moa, si kwenye betri yenyewe. Mteja wangu mmoja alibusti kwa lori. Lori lilikuwa la volti 24. Moa iliwaka kwa kishindo cha furaha, na kufikia jioni hakukuwa na mfumo wa kuchaji wala solenoidi ya kabureta.

Inazunguka nusu, inakwama, inajivuta, inakwama

Hii ndiyo dalili inayowalisha wauza betri, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza chomoa kijiti cha oili ukinuse. Oili ikinuka petroli na kiwango kimepanda juu ya alama, usizungushe tena ufunguo. Sindano ya kabureta imeshindwa kufunga na petroli imemwagikia ndani ya silinda usiku kucha; pistoni haiwezi kuminya kimiminika, na ukilazimisha unapinda rodi. Funga koki ya petroli, toa plagi, mwaga oili yote, tengeneza sindano ya kabureta, weka oili mpya ndipo ujaribu.

Oili ikiwa safi na betri nzima, toa plagi halafu zungusha stata, waya wa plagi ukiwa mbali na tundu. Injini ikizunguka kwa uhuru bila plagi, na plagi ikirudi inakwama palepale, jibu karibu kila mara ni nafasi ya valvu. Kazi yenyewe iko hivi. Injini ya silinda moja yenye nguvu ya farasi 15 au 17 ina kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ambayo stata ndogo haiwezi kuishinda. Kwa hiyo waundaji waliweka kinundu kidogo kwenye kemshafti, shafti inayofungua valvu, ambacho, injini ikiwa inazunguka polepole, huinua valvu kiduchu ili upepo utoke. Nafasi kati ya valvu na roka (kile kimkono kinachoisukuma) ikitanuka kwa kuchakaa, kile kinundu kinapiga hewa. Valvu haiinuki, upepo wote unabaki ndani, na stata inagonga ukuta. Betri mpya itausukuma ukuta huo kwa wiki moja, ndiyo maana watu husema "ilipona ikarudia."

Kurekebisha si kazi ya ajabu. Injini iwe baridi, kifuniko cha valvu kiondolewe, pistoni ifike juu kabisa kwenye mpigo wa kompresheni kisha ipite kama milimita 6, halafu upime kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Injini nyingi za aina hii huangukia kati ya milimita 0.08 na 0.18, valvu ya kutolea moshi ikiachiwa nafasi kubwa kidogo kuliko ya kuingizia. Lakini namba sahihi inatoka kwenye modeli iliyogongwa juu ya injini yako, si kwenye kichwa cha fundi, nami nikiwemo. Kama huna fila geji, au hujui kuutofautisha mpigo wa kompresheni na wa kutoa moshi, ita mtu. Nusu saa ya kazi, gasketi moja, basi.

Stata inazungusha vizuri, lakini haiwaki

Petroli ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Koki imefunguliwa? Tangi lina kitu? Petroli iliyolala zaidi ya mwezi huanza kupoteza ile sehemu nyepesi inayoshika moto upesi; iliyolala tangu mvua za vuli hadi masika hunuka kama vanishi na kuacha utando ndani ya kabureta. Chukua kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie dakika kumi. Maji hukaa chini na mpaka wake unaonekana kwa jicho. Petroli ya kwenye vichupa vya barabarani imenipa kazi nyingi, siwezi kuilalamikia sana.

Kisha choki: injini baridi inaitaka, yenye moto haiitaki. Angalia kama kebo yake inafunga kweli mlango wa kabureta au inacheza tu.

Toa plagi uisome. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuzungusha mara kadhaa, petroli haifiki. Ikilowa, petroli inafika lakini moto haupo, au umezidisha choki. Iache wazi ikauke, zungusha bila choki. Ikiwa nyeusi ya masizi, safisha au badilisha, nafasi ya kurukia cheche kwenye ncha yake iwe karibu milimita 0.76. Kupima cheche tumia kile kitesta cha bei ndogo kinachochomekwa katikati ya waya na plagi. Wengi hushika plagi kwenye silinda na kutazama; mimi pia nilijifunza hivyo, ila tundu la plagi linatema ukungu wa petroli, na cheche iko sentimita chache pembeni.

Plagi ikiwa kavu, fuata njia ya petroli kutoka tangini. Filta ndogo ya plastiki ina mshale unaotakiwa kuelekea kabureta. Mpira wa petroli huoza kwa ndani ukajifunga wakati nje unang'aa. Kisha weka sikio karibu na bakuli la kabureta, mtu awashe ufunguo bila kuzungusha: kabureta nyingi zina solenoidi chini yake inayofungua njia ya petroli, na lazima iseme "tiki". Isiposema, pima kama umeme wa volti 12 unaufikia waya wake. Ukifika na bado kimya, hicho ndicho kifaa cha kununua, hakuna haja ya kabureta nzima.

Kabureta ikifunguliwa, ile jeti ya katikati isafishwe kwa spirei na upepo. Usiichokonoe kwa waya wa kufungia. Shaba ni laini, tundu likitanuka injini itakunywa petroli mpaka utoe machozi. Tazama pia vijitundu vya kupumulia. Nyigu wa udongo wanavipenda, na wakishavijaza hakuna kitakachoonekana kwa nje zaidi ya doa la udongo mkavu.

Koili, inayotengeneza umeme wa cheche, ni ya mwisho. Kabla ya kuihukumu, chomoa ule waya mwembamba wa kuzimia unaoingia kwenye koili, upime cheche tena. Cheche ikija, koili ni nzima na kosa liko kwenye swichi au waya uliogusa bodi. Ukumbuke kwamba waya huo ukiwa nje, ufunguo hauzimi injini, kwa hiyo usiiwashe mashine hivyo, pima, rudisha.

Inawaka, kisha inazima

Ninachouliza ni kimoja: inazima lini?

Ikizima ukipita kwenye tuta au ukijiinua kidogo, ni swichi ya kiti. Imechakaa, plagi yake imelegea, au dereva ni mwepesi kuliko springi ya kiti (kiti kingi kina namna ya kukirekebisha, tafuta skrubu chini). Hapa ndipo watu hukata waya na kuziunganisha moja kwa moja. Nikiletewa mashine ya namna hiyo, narudisha swichi kwanza au naiacha ilivyokuja, na nimepoteza wateja kwa hilo. Ncha ya kisu hukimbia kwa kasi ambayo viwango vya Marekani huiwekea kikomo cha mita 96.5 kwa sekunde. Swichi ya kiti ndiyo inayokisimamisha dereva akianguka. Na tunajua wenyewe jinsi watoto wanavyoikimbilia mashine hii wakiisikia inanguruma.

Ikizima ukirudi nyuma na visu vikiwa vimewashwa, huenda haina ugonjwa wowote. Moa nyingi zimetengenezwa hivyo ili usimkanyage mtu usiyemwona. Zina kitufe au hatua maalumu kwenye ufunguo ya kuruhusu, lakini geuza shingo kwanza.

Ikizima baada ya dakika kumi au ishirini, kisha ikawaka ukipumzika: fungua kifuniko cha tangi mara tu inapozima. Ukisikia "fyuu", tundu la hewa la kifuniko limeziba, tangi limejivuta, petroli haishuki. Lisafishe tu, huhitaji kununua kitu. Kama hakuna "fyuu", pima cheche papo hapo ikiwa ya moto. Koili inayokufa kwa joto hufufuka ikipoa, ukichelewa inakuona mwongo.

Ikizima unapowasha visu, sababu ya kawaida ni swichi ya kiti tena. Baada yake ni deki iliyosheheni majani mabichi, kamba au kipande cha kiroba kilichojizungusha kwenye shafti ya kisu, na mwisho beringi iliyokwama. Zungusha kila kisu kwa mkono (ufunguo mfukoni, glavu nene) usikie kama kinateleza.

Nguvu ikipungua bila kuzima, tazama ea klina, yaani chujio la hewa. Kiangazi huku kwetu vumbi ni la majivu ya volkano, laini kama unga wa muhogo. Vitabu husema isafishwe kila saa 25 za kazi. Mimi nasema kila wiki kuanzia Julai. Ile ya karatasi igongwe taratibu, isipulizwe kwa upepo mkali wala kuoshwa. Kuna na jambo la mwinuko. Injini hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo mashine iliyotoka Tanga ikapandishwa Arusha, kwenye mita 1,400, imeacha njiani kama asilimia 16. Usiipasue injini kutafuta nguvu ambayo hewa haina.

Moshi

Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa: choki imebaki, ea klina imeziba, au kabureta inafurika.

Wa bluu ni oili, na chanzo chake cha kwanza ni mkono wa mtu. Oili imejazwa kupita alama kwa imani kwamba nyingi ni bora. Pima mashine ikiwa mahali tambarare, punguza, iache ifanye kazi robo saa. Moshi unaotoka baada ya mashine kulazwa ubavu nao utaisha wenyewe. Ukiendelea siku ya pili, huku oili inapungua kila wiki na hakuna inapovuja chini, kwenye injini za silinda moja gasketi ya silinda hedi huwa imetoboka upande wa njia ya visukuma valvu. Ni kosa la kawaida kuliko ringi, na rahisi zaidi. Fundi apime uvujaji wa silinda kabla ya kukuambia habari za ringi na pistoni.

Injini ikitoa harufu ya kuungua, rangi kubabuka, zima. Ondoa gamba la juu la feni. Utakuta mapezi ya kupoozea yamefunikwa na majani yaliyogandamana, au kiota cha panya chenye kila starehe. Oili kwa joto letu ni SAE 30, au 10W-30 kama kitabu kinaikubali, na ibadilishwe kila saa 50 kama hujui ratiba ya injini yako.

Inakata vibaya

Malalamiko haya hayaletwi kwangu kwa haraka, lakini ni mengi, na mengi hayahitaji kifaa.

Tazama ncha za majani asubuhi baada ya kukata. Zikiwa na nyuzi nyeupe zilizochanika, kisu ni butu, kinararua, hakikati. Ukoka unavumilia, nyasi laini za hotelini zinageuka rangi ya kikapu ndani ya siku mbili. Noa kwa tupa au grainda ukifuata pembe ile ile ya kiwandani, usiache chuma kigeuke bluu kwa joto, wala usikinoe kama panga. Makali membamba mno hupinda kwenye jiwe la kwanza. Ukimaliza, kitundike kwenye msumari uliopigwa ukutani kupitia tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, upunguze hadi kisu kikae kama mizani ya duka. Kisu kilichopasuka, kilichopinda au ambacho bawa lake la nyuma limeliwa likawa kama karatasi, hakinolewi wala hakichomelewi. Kitupe. Nimewahi kutoa kipande cha kisu kilichochomelewa kutoka kwenye ukuta wa tofali.

Na ukirudisha, yale mabawa yaliyopinda yaelekee juu, ndani ya deki. Kisu kilichofungwa juu chini kinazunguka vizuri, kinalia vizuri, na hakikati chochote. Usicheke, hata mafundi tumeshafanya.

Ukiona ngazi, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, usiguse deki bado. Pima upepo wa tairi. Moa nyingi hutaka PSI kama 14 mbele na 10 nyuma, na namba huandikwa ubavuni mwa tairi au kwenye kibandiko. Vijana wa sheli hujaza 32 kama ya gari, na tairi ndogo namna ile inaweza kupasukia usoni mwako. Tairi zikishakuwa sawa, ndipo upime deki kutoka sakafu laini hadi ncha ya kisu: kushoto na kulia zisitofautiane zaidi ya milimita 3, na mbele iwe chini kuliko nyuma kwa milimita 3 hadi 6.

Mstari wa majani yaliyoachwa katikati ya njia unatokana na kasi mno, mkanda unaoteleza, au uvimbe wa majani makavu chini ya deki unaozuia upepo wa kuyasimamisha. Kata majani injini ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa. Anayekata kwa mlio wa chini ili kuokoa petroli anakata mara mbili. Masika, subiri umande ukauke. Najua bosi anataka uwanja uwe tayari saa mbili asubuhi.

Inatikisika, inapiga kelele

Mtikisiko ulioanza ghafla una maana ya kusimama sasa hivi, siyo baada ya kumaliza mistari miwili iliyobaki. Umegonga jiwe au mzizi, kisu kimepinda au boliti yake imelegea. Kisu kikiwa sawa, shika shafti yake utikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekufa, na nyumba yake ya aluminiamu huweza kuwa na ufa mwembamba. Ifute uchafu uitazame kwa tochi. Mlio wa "kriii" unaokuja na visu tu ni beringi au puli ya kukazia mkanda. Mlio wa kugonga ndani ya injini yenyewe, zima na usiwashe tena hadi fundi aje. Hapo hakuna ukaguzi mwepesi wa kufanya nyumbani.

Mkanda unaruka au unakatika kila mwezi

Tafuta kijiti au majani kwenye puli, kisha springi ya kukazia iliyovutika, kisha puli iliyopinda. Lakini nikiona mkanda wa pili umekatika ndani ya mwezi, nauliza ulinunuliwa wapi. Fan belti ya gari ya urefu huohuo inaingia na inafanya kazi. Shida yake ni kwamba haikuumbwa kwa ajili ya puli inayokazwa na kulegezwa, wala kukunjwa kwa mgongo. Mkanda wa moa una nyuzi za aramidi ndani na umefunikwa kitambaa. Una bei ya kuumiza, na unakaa miaka.

Injini inanguruma, mashine haitembei

Ile yenye giaboksi ya mafuta ina kijiti nyuma, karibu na ekseli, cha kuachia gia ili isukumwe kwa mkono. Mtu alikivuta akiiingiza stoo, hakukirudisha. Kirudishe. Kama sicho, fuata mkanda wa kuendeshea, halafu breki ya kuegesha iliyobaki imeshika.

Ikitembea vizuri ikiwa baridi kisha inalegea kilimani baada ya nusu saa, kwanza safisha feni na mapezi juu ya giaboksi. Hali isipobadilika, mafuta ya giaboksi yamechoka au yameingia hewa. Nyingine zinaruhusu kubadilishwa, nyingine zimefungwa kiwandani na kazi yake ni mezani kwa fundi mwenye vifaa. Usiongeze oili yoyote uliyonayo.

Mashine ya namna hiyo isipelekwe mteremkoni hata siku moja, kwa sababu gia hiyohiyo ndiyo inayoishika inaposhuka. Hata ikiwa nzima, zile za muundo wa trekta hupanda na kushuka mteremko, hazikatizi, na ukizidi nyuzi 15 chukua fyekeo. Ukitaka kujua breki yako iko wapi, iegeshe kwenye mteremko mdogo, zima, kaza breki ya kuegesha, shuka usimame pembeni, siyo chini yake. Ikisogea hata hatua moja, irudishe stoo, na usikate nayo majani tena mpaka breki ikazwe.